Dereva Aliyejua Kuogopa

Mtu mwoga kuliko wote niliowahi kuwafahamu alikuwa dereva, na ndiye aliyenifundisha kila ninachokijua kuhusu ujasiri, ambacho si kikubwa. Namwita mwoga kwa sababu yeye mwenyewe alijiita hivyo, kwa sauti, mbele za watu, wakati sisi wanaume wengine ndani ya gari tukijifanya tunatafuta kitu sakafuni.

Hapa ndipo ningepaswa kusema alizaliwa wapi na kwao ni akina nani. Sitasema. Anayetaka nasaba yake aende akamuulize mwenyewe. Atatoka pale akijua majina ya mafahali saba na bado hawajafika kwa babu. Jina lake pia naliacha. Kutoka Lodwar mpaka Lokichoggio watu walimwita Dereva, basi, kana kwamba wengine wote walioshika usukani kwenye barabara ile walikuwa wanajaribu tu.

Kilichonifanya nimwandike ni simu. Akiru, binti yake, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi pale Kakuma, alinipigia siku moja mchana na hakuanza na salamu.

"Anko, baba anakataa tena."

Alichokuwa anakataa ni kupasuliwa macho. Ana mtoto wa jicho pande zote mbili. La kulia lilikuwa limekwisha kuwa jeupe kama maziwa, na la kushoto lilikuwa linafuata nyuma. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja Lodwar kwa wiki moja, na Akiru alikuwa amemwandikisha, kama alivyokuwa amemwandikisha mara mbili kabla ya hapo. Mara ya kwanza, asubuhi ya safari, mzee alikwenda kwenye matanga ya mtu ambaye hakuna aliyemjua. Mara ya pili alisema mbuzi wake anazaa na hawezi kumwacha. Mbuzi mwenyewe alikuwa beberu.

"Juzi alisimama njiani akamsalimia punda," Akiru alisema. "Salamu yote, Anko, mpaka habari za watoto. Kisha akaja nyumbani kulalamika kwamba vijana wa siku hizi hawajibu."

Nilicheka. Akiru hakucheka. Aliniambia kwamba akilipoteza na hilo la kushoto hatatoka tena nje bila kushikwa mkono, na kwamba mimi ndiye mtu ambaye baba yake humsikiliza. Hilo halikuwa kweli hata kidogo, lakini nina umri ambao mtu akisingiziwa hekima hukubali haraka. Nikamwambia nitakuja.

*

Nilimfahamu Dereva nikiwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya falsafa, ambayo katika Turkana ya siku zile haikutibu mbuzi wala kuchimba kisima. Mradi mmoja wa afya ulinipa kazi ya kuandika majina ya watoto waliochanjwa. Mimi nilikaa kiti cha nyuma na daftari. Dereva alikaa kwenye usukani. Kando yake alikaa Daktari, mwanamke mfupi kutoka Sri Lanka, Mbudha, aliyezungumza Kiswahili cha kukata kwa panga na ambaye hakuwahi kumpandishia mtu sauti kwa miaka yote aliyokuwa nasi.

Chuoni nilikuwa nimeandika insha ndefu juu ya Ubudha, nikapata alama nzuri, bila kuwahi kumwona Mbudha hata mmoja. Siku ya kwanza nilimweleza Daktari haya yote, pamoja na maoni yangu. Alinisikiliza kwa makini, kisha akauliza kama ninaweza kukaa kimya, bila kujikuna, mpaka chai ichemke. Nilijaribu. Maji yalikuwa hayajaanza hata kutoa mvuke nilipokumbuka jambo la maana la kusema. Dereva, aliyekuwa amekaa kwenye kile kigoda chetu cha mbao ambacho mchana ni kiti na usiku ni mto wa kichwa, alikaa mpaka chai ikamwagika. Daktari akamtazama kwa namna ambayo hakunitazama mimi. Tangu siku hiyo mwanafunzi alikuwa yeye, na mimi nikabaki kuwa msomi.

Dereva alikuwa amesoma mpaka darasa la nne. Alikuwa Mkatoliki wa kuimba kwaya, sauti ya nne, sauti nene ya kutikisa mabati. Padre wetu alipopata habari kwamba anafundishwa mambo ya Kibudha alimwita akamuuliza, kwa upole lakini kwa wasiwasi, kama amebadili dini. Dereva alimjibu kwamba hajabadili kitu. Kuomba alifundishwa na Kanisa, na bado anaomba. Huyu mama alikuwa anamfundisha namna ya kuogopa.

Padre alisema kuogopa hakuhitaji mwalimu.

"Padre," Dereva akasema, "mimi nimeogopa vibaya miaka mingi. Sasa nataka kuogopa vizuri."

*

Ni lazima nisimulie habari ya kumeta, kwa sababu kuna watu wanaoisimulia wakiiharibu.

Mwanzoni kabisa, Daktari aliona kwamba Dereva hutetemeka kila asubuhi kabla ya safari ya Lokichoggio. Barabara ile siku hizo ilikuwa na watu wenye bunduki waliopenda magari. Akamwambia kwamba kila siku, kabla ya kuwasha gari, afanye *metta*. Aanze na yeye mwenyewe, kisha aende kwa wengine, taratibu, bila kuharakisha. Kisha akaitwa kwenye zahanati na somo likaishia hapo.

Neno hilo ni la lugha ya kale ya dini yao, nalo maana yake ni ule moyo wa kumtakia mtu heri bila kumdai chochote. Daktari alisahau kulifafanua. Dereva hakuona haja ya kuuliza, maana alilisikia kama neno la Kiswahili. Kumeta ni kung'aa. Kwa hiyo aliambiwa ang'ae, aanze na yeye mwenyewe, kisha wengine.

Kwa miezi mitatu mtu huyu aliamka alfajiri akajipaka mafuta usoni, shingoni na mikononi mpaka akawa kama sanamu iliyotoka kung'arishwa. Kisha akaenda kwenye gari. Alisugua boneti, bampa, vioo, vifuniko vya magurudumu, hata vitasa vya ndani. Nawakumbusha wasomaji kwamba habari hii inatokea Turkana, ambako vumbi huingia mpaka ndani ya yai. Gari likitoka Kakuma liking'aa, likifika Kalobeyei limekuwa kama mkate uliopakwa unga. Yeye alishuka akasugua tena. Tuliwahi kufika Kaikor tukakuta chifu, walimu na watoto wa shule wamepanga mistari miwili wakiimba, kwa sababu mtu aliona gari linamulika kutoka mbali akatangaza kwamba waziri amefika. Nilishuka mimi na daftari langu. Waliimba mpaka mwisho, kwa adabu, lakini sauti ilipungua.

Siku moja Daktari alimuuliza *metta* yake inaendeleaje. Dereva akamwelekeza kwenye bampa.

Daktari alielewa polepole. Kwanza aliinama akajiona usoni kwenye bampa, kisha akamtazama Dereva na uso wake wa mafuta, kisha akaketi chini kwenye mchanga akacheka mpaka manesi wakatoka nje kuona nani amefariki. Alipoweza kuzungumza alimweleza maana. Nilitazamia Dereva aone aibu. Mimi ningehama wilaya. Yeye alisema atafanya zote mbili, kwa sababu mgonjwa akipandishwa kwenye gari safi anajua kwamba mtu alikuwa anamngoja. Jioni ile nilimwona Daktari ameketi zahanati anaandika jambo hilo kwa maandishi ya kwao, yale ya mviringo, na hadi leo sina hakika kama hayo yalikuwa Ubudha aliomfundisha au Ubudha aliofundishwa.

*

Alipoipata maana sahihi, Dereva aliipanga upya kwa njia yake. Daktari alikuwa amemweleza kwamba mtu huanza kwa kujitakia heri mwenyewe, kisha amtakie anayempenda, kisha asiyemjua, na mwisho adui. Dereva alisema hizo ni gia nne.

"Gia ya kwanza ni wewe. Ya pili ni ile mtu unapenda. Ya tatu ni mtu hujui, kama yule mama anauza maji pale stegi ya matatu. Ya nne ni adui. Sasa nyinyi watu ya semina mnataka kuanza na ya nne, kwa mlima, na gari imejaa. Lazima itazima."

Nililipuuza onyo hilo. Usiku ule nilijaribu kumtakia heri mkuu wa idara aliyeikataa tasnifu yangu ya uzamili. Nilizima kabla hata ya kutoka barazani.

Maneno aliyoyatumia yalikuwa yake pia. Daktari alisema usalama, furaha, amani. Dereva aliona hayo ni maneno ya ubaoni. Yeye alimtakia mtu hivi: ufike, ushibe, ulale vizuri, mifugo yako isikohoe. Aliyatamka kimya huku akiendesha, midomo ikitembea, na abiria wageni walidhani anahesabu kilomita. Aliwatakia askari wa vizuizini, akawatakia madereva wa malori ya Lokichoggio waliotupita wakitumwagia kokoto. Nge akiingia kwenye gari alimfunika na kopo la siagi, akamtoa nje, akamwachia kivulini kwa sababu jua lilikuwa kali. Daktari alikuwa amemwambia viumbe vyote, naye alilichukua neno vyote kama lilivyo. Isipokuwa kuku. Hakuwapenda kuku na hakuna aliyejua sababu. Ukimuuliza alisema, "Kuku bado."

Kwa hiyo msidhani nawachorea mtakatifu. Alidanganya kwenye mchezo wa mashimo, ule wa kupanda vijiwe mchangani, na alidanganya vibaya, hata mtoto angeona. Tumbaku yake hakumgawia mtu. Angekupa shati lake kwanza. Kwa miaka alikuwa hasemezani na jirani yake kwa sababu ya ukuta wa makuti, na kila asubuhi alimtakia jirani huyo afike, ashibe, alale, na bado hakumsemesha. Nilipomwambia kwamba hapo kuna mgongano, alisema hakuna. Kumtakia mtu mema ni kazi moja, kumpenda pua yake ni kazi nyingine, na hiyo ya pili hajaifikia.

Tena aliogopa sindano. Mtu huyu aliyeendesha gari la chanjo miaka kumi na zaidi, aliyewashika watoto mapajani wakidungwa huku akiwaimbia, aligeuza uso kila mara, na siku wafanyakazi wote tulipotakiwa kuchanjwa alipatikana chini ya gari akitengeneza kitu ambacho hakijaharibika.

*

Kuna mambo mawili ya barabara ile ambayo nikiyaacha picha itakuwa ya mtu mwingine.

La kwanza ni maji. Mgeni haamini kwamba Turkana mtu anaweza kufa maji, lakini mvua inyeshapo milimani, mto uliokuwa mchanga mtupu, ule tunaouita laga, huja ghafla ukinguruma na miti mikononi. Madereva wengi wamepoteza magari kwa kushindwa kungoja saa mbili. Dereva alizima injini, akashuka, akawasha moto, akaketi. Hakuyalaani maji wala hakutazama saa. Alisema hofu nayo huja hivyo hivyo, kwa kelele nyingi, na wewe ukikaa kando ukaitazama bila kuingia ndani yake utaona inashuka. Siku moja afisa mmoja mkubwa, mwenye gari jipya, alituambia sisi ni waoga, akaingia. Gari liligeuka kama kopo. Aliyemfuata na kamba kiunoni, meno yakigongana kwa woga, ni Dereva. Walipotoka, afisa akiwa na kiatu kimoja na tai bado imefungwa vizuri, Dereva alimpa chai na kumwambia, bila kejeli yoyote, kwamba waoga wana nafasi, aketi.

La pili ni bunduki. Kati ya Kakuma na Lokichoggio tairi lilipasuka tukaachwa na msafara wa magari tuliokuwa tukisafiri nao. Vijana watatu wakatokea vichakani. Mimi nililala sakafuni mwa gari nikielekeza uso ndani na viatu mlangoni, na sitaki kuzungumzia mkao huo tena. Dereva alishuka na mikono wazi. Funguo zilikuwa kidoleni mwake, nazo zililia kama kengele za mbuzi kwa jinsi alivyotetemeka.

"Ejok," akasema.

Akasema tena, ejok. Na hapo wakajibu, kwa sababu mtu aliyelelewa kwetu anaweza kukupora gari lakini hawezi kuiacha salamu ikining'inia hewani. Akawauliza habari za mifugo. Za malisho. Za mvua. Salamu ile ilikuwa ndefu kuliko misa. Ilipokwisha akawaambia, kwa Kiturkana, maneno ambayo niliyasikia nikiwa sakafuni na sijayasahau: "Mimi naogopa sana, hata suruali yangu inajua. Kama na nyinyi mnaogopa, si tuogope tumeketi?"

Wakaketi. Mmoja wao alikuwa na shavu lililovimba kwa jino bovu, na Dereva ndiye aliyeliona, akamwita Daktari. Nusu saa baadaye walikuwa wamepata dawa na maelezo ya jinsi ya kuzimeza. Walichukua maji yetu, biskuti zetu na viatu vyangu vipya, ambavyo, Dereva alisema, nilikuwa nimewaonyesha mimi mwenyewe. Ofisini walitaka kumpa cheti cha ushujaa. Alikataa kukipokea. Alisema hakuwa shujaa, aliona shavu tu, na mtu akishaliona shavu la mwenzake anakosa nafasi ya kujitazama.

Gia ya nne ilimchukua miaka. Mdogo wake alikuwa ameuawa malishoni upande wa Lokiriama, karibu na mpaka wa Uganda, na ng'ombe wakachukuliwa. Dereva alisema kila alipofika kwa watu wale gia ilikwaruza, na Daktari alimwambia asiilazimishe, arudi kwenye ya kwanza, akae hapo hata mwaka. Alikaa zaidi ya mwaka. Kisha siku moja ya soko kule Lokiriama, wakati wa amani, alikaa kibandani na mzee wa upande wa pili wa mpaka. Katika mazungumzo ikatokea kwamba naye alizika kijana wake malishoni, na waliomuua walitoka kwetu. Dereva aliniambia kwamba hawakusameheana, hakukuwa na sherehe yoyote. Kila mmoja alimmiminia mwenzake chai, wakanywa, wakaulizana kuhusu kupe. Aliporudi garini aliendesha mpaka Lodwar bila kuimba, na tulipofika alisema tu, "Imeingia."

*

Daktari aliondoka ndege za misaada ya Sudan zilipopungua Lokichoggio, na Dereva akastaafu miaka kadhaa baadaye. Mimi nilihamia Lodwar, nikawa mtu wa kufundisha na kuandika magazetini juu ya mambo ambayo wengine huyafanya. Ndivyo ilivyokuwa hadi ile simu ya Akiru.

Nilimkuta Kakuma, ameketi nje, amegeuza uso kuelekea sauti ya miguu yangu. Aliniita Profesa, kama alivyoniita siku zote, kwa kuwa sijawahi kuwa profesa. Nilianza mara moja. Nilimkumbusha laga na kungoja. Nikamkumbusha gia ya kwanza, kwamba mtu huanza kwa kujitakia heri mwenyewe, na macho yake ni yeye mwenyewe. Nilizungumza vizuri sana. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo maneno ni yangu," akasema. "Leta yako."

Nikavuta kigoda nikaketi karibu naye. Kisha, kwa sauti ndogo, aliniambia kinachomsumbua: amesikia kwamba wanalitoa jicho, wanaliweka kwenye sahani, wanaliosha, kisha wanalirudisha, na wakati mwingine wanalirudisha upande usio wake. Nilimwambia si kweli. Akaniuliza kama nimewahi kuona. Nikasema hapana, nimesoma. Akatikisa kichwa kwa huruma.

Aliyemshinda ni Akiru. Kesho yake gari la wagonjwa lilipofika mlangoni, alimwambia baba yake kwamba dereva ni kijana mgeni na barabara haijui. Mzee akasema atakwenda mpaka Lodwar kumwangalia kijana anavyoendesha, na kurudi. Alikaa mbele, haoni vizuri hata boneti, akamsahihisha kwa masikio njia nzima.

Hospitali ilijaa. Wazee walipangwa kwenye benchi refu barazani, kila mmoja na kipande cha plasta chenye namba kwenye paji la uso. Dereva alikubali plasta kwa kuwa, alisema, plasta haidungi. Nilijua kwamba namba yake ikiitwa atasimama na kutafuta geti. Akiru alijua pia, akasimama karibu na geti.

Kando yake kwenye benchi aliketi mama mzee wa Sudan Kusini, aliyeletwa na gari lingine kutoka kambini. Naye alikuwa haoni. Macho yote mawili yalikuwa na ukungu. Alikuwa anatetemeka kiasi cha kulitikisa benchi, na Dereva alilihisi benchi kabla hajamsikia.

"Nani anatetemesha hii kiti?" akauliza.

"Mimi," mama akasema. "Mimi nataka kurudi nyumbani."

"Hata mimi."

Dereva akamuuliza anaogopa nini hasa. Mama akasema kwa kunong'ona, kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kiarabu cha Juba, kwamba ameambiwa watatoa jicho lake na kumwekea la mbuzi. Mimi nilimtazama Dereva. Nilijua kwamba habari hiyo ilikuwa mbaya hata kuliko ile ya sahani, na kwamba sasa ndipo atakapokimbia kweli.

Aliinamisha kichwa kumwelekea mama. Aliuliza kama mama ana mtu aliyekuja naye. Hakuwa na mtu. Aliuliza yeye ni namba ngapi. Mama hakujua kusoma, wala hangeweza kuiona, kwa hiyo nilisoma mimi: alikuwa mbele ya Dereva, ndiye aliyefuata. Muuguzi alitokea mlangoni akaita namba hiyo. Mama alishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili.

"Sista," Dereva akasema, akasimama, "huyu mama atakuja nyuma yangu. Chukua mimi." Kisha akageuka kuelekea pale sauti ilipokuwa. "Mama, mimi naingia. Nikitoka nitakuambia ukweli yote, hata ikiwa mbaya. Usiende mahali."

Akiru aliacha geti. Baba yake alikuwa amekwisha kushikwa mkono na muuguzi, akiuliza sindano iko upande gani ili ageuke upande mwingine.

Hakukaa sana. Alitoka na jicho la kulia limefunikwa, akapapasa benchi mpaka akalipata bega la mama, akaketi. Tulidhani atapumzika kwanza. Alianza hapo hapo. Alimwambia kwamba hakuna sahani. Hakuna mbuzi, alisikiliza vizuri. Sindano ipo, nayo inauma, inauma hivi, akamfinya kidogo mkononi, basi, halafu uso unalala. Baada ya hapo unaona mwanga kama jua likiwa ndani ya maji. Na madaktari wanazungumza habari za mpira muda wote.

"Mpira?" mama akauliza.

"Mpira. Timu ya daktari imefungwa, lakini mkono wake uko sawa."

Mama akaliachia benchi, akasimama, akaingia.

Asubuhi yake walipangwa tena barazani ili wafunguliwe bandeji. Muuguzi alianza na Dereva. Mzee alipepesa macho, akatokwa na machozi, akautazama mkono wake mwenyewe mbele na nyuma kama kitu cha kununua. Akamtazama Akiru, na Akiru akafunika uso, na huko sitaingia. Kisha muuguzi akamfungua yule mama. Akapepesa naye. Akageuza kichwa upande ambako siku nzima iliyopita sauti ilikuwa inatokea, na wakatazamana kwa mara ya kwanza: yeye mweusi tii, mrefu hata akiwa ameketi, na Dereva kama mfupa uliovaa koti.

"Ni wewe?" mama akauliza.

"Ni mimi."

Alimkagua kutoka kichwani hadi kwenye makubazi, akionekana amedhulumiwa. "Sauti yako ni ya mtu mnene," akasema.

Baraza zima lilicheka, wenye bandeji na wasio nazo. Dereva alicheka mpaka muuguzi akamkaripia kwamba atafungua mshono. Akiru, ambaye kazi yake ni kutoridhika, akauliza jicho la pili litafanywa lini. Muuguzi akasema timu itarudi baada ya miezi mitatu, wote wawili waje. Nikaona kicheko cha Dereva kinapungua, na macho, lile jipya na lile la zamani, yanaanza kulitafuta geti.

Mama aliliona hilo. Alikuwa na jicho la siku moja tu, lakini aliliona. Akasogea karibu kwenye benchi.

"Safari hiyo mimi ndio naingia kwanza," akamwambia. "Wewe utakaa hapa. Nitatoka nikuambie."